Kuwinda kulungu Kentucky: anza na wiki, kisha chakula, bunduki baadaye

Watu wetu wengi wa Lexington, Louisville na Bowling Green huanzia dukani. Mtu anaona bunduki imetundikwa ukutani, anauliza bei, analipa, halafu Novemba ikishabisha hodi ndipo anaulizia pa kwenda. Huko ni kuanzia mwisho. Kulungu mkia-mweupe, yuleyule anayekatiza barabara usiku na kutuvunjia taa za gari, maisha yake yanaongozwa na mambo mawili: urefu wa mchana na chakula kilichopo wiki hiyo. Ukiyajua hayo, silaha ya kawaida kabisa inakutosha. Usipoyajua, utakaa porini na bunduki ya bei mbaya ukihesabu kindi.

Nitaeleza ya Kentucky. Aliyeko Ohio, Iowa au Pennsylvania anaweza kufuata mpangilio huuhuu wa kufikiri, lakini tarehe na sheria atazame za jimbo lake. Kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni, hutolewa upya kila mwaka, bure, na cha mwaka jana hakina kazi.

1. Karatasi, wakati bado ni kiangazi

Kentucky inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo awe na kadi ya mafunzo ya usalama wa uwindaji. Mafunzo yanasomeka mtandaoni, na kadi ukishaipata inakubalika hata majimbo mengine. Usiyasubirishe hadi Oktoba. Kama muda umekubana, kuna kibali cha msamaha cha mwaka mmoja ambacho mtu hupewa mara moja tu maishani, kwa sharti kwamba awe bega kwa bega na mtu mzima aliyetimiza mafunzo.

Kisha kuna leseni ya kuwinda, na juu yake kibali cha kulungu. Ni vitu viwili tofauti na unahitaji vyote. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Machi na kwisha mwishoni mwa Februari, kwa hiyo anayenunua Februari ananunua wiki chache. Ukiwa umeishi jimboni siku 30, unalipa bei ya mkazi, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni.

Sasa suala la uhamiaji, maana ndilo wanaloniuliza kuliko yote. Sheria ya shirikisho haimzuii mwenye green card, wala mkimbizi aliyepokelewa rasmi, wala aliyekwisha kupewa hifadhi, kumiliki bunduki kwa sababu tu si raia. Aliyeingia kwa visa ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, amezuiwa, isipokuwa akiwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa hapa Marekani au ameingia nchini kwa ajili ya kuwinda. Asiye na karatasi haruhusiwi hata kuishika. Anayesubiri majibu ya hifadhi asiende kichwa kichwa. Amwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Pia hukumu ya kumpiga mwenza wako, hata ile inayoitwa kosa dogo, inakufungia mlango wa bunduki. Upinde hauhesabiwi kuwa bunduki katika sheria hizo za shirikisho, na wapo waliochagua njia hiyo wakatulia.

Kwa aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, haya yote yanaweza kumnukia ujangili. Hapa mambo yamegeuzwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu walikuwa wamekaribia kwisha Kentucky, wakarudishwa kwa kuhamishwa kaunti hadi kaunti, kazi iliyoendelea mpaka 1999. Fedha za kazi kama hiyo hutoka kwenye leseni, na kwenye kodi ya 11% ya bunduki ndefu na risasi iliyowekwa na sheria ya shirikisho ya 1937.

2. Chagua wiki

Hapa ndipo mpango wenyewe unapozaliwa. Usiseme "nitawinda mwaka huu". Sema ni wiki gani.

Msimu wa upinde hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kuendelea hadi Jumatatu ya tatu ya Januari. Septemba kulungu bado wana mazoea ya kiangazi: wanatoka jioni kwenda shamba lilelile kwa njia ileile, na madume hutembea pamoja bila ugomvi. Ni rahisi kuwatabiri. Tatizo ni joto, kwa sababu nyama haikusubiri, na kupe. Kupe wa Kentucky si wa kuchezea. Yuko mmoja mwenye doa jeupe mgongoni, na kuumwa naye kunaweza kukusababishia mzio wa nyama nyekundu, ya ng'ombe na mbuzi pia. Hebu fikiria msiba huo kwa mtu wa nyama choma. Nyunyizia nguo dawa ya pamethrini siku moja kabla, ziache zikauke, chomeka suruali ndani ya soksi.

Wikendi ya tatu ya Oktoba wenye gobore hupewa siku mbili. Kisha Jumamosi ya pili ya Novemba hufunguliwa msimu wa bunduki za kisasa, na hapo nusu ya Kentucky huingia porini. Si bahati kwamba tarehe hiyo inaangukia pale. Mchana unapofupika, mwili wa jike hubadilika, na katika latitudo hizi kilele cha kupandana ni katikati ya Novemba. Mimba huchukua siku 200 hivi, hivyo ndama huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni, majani yakiwa mabichi na marefu ya kuwaficha. Baridi na mwezi watu huvipigia domo sana, lakini saa ya mwili wa kulungu inaendeshwa na mwanga. Ndiyo maana kusini ya mbali, kwa mfano sehemu kubwa ya Alabama, kupandana huja Januari, na mwongozo wa Novemba ukiupeleka huko hautakusaidia.

Wakati huo dume hupoteza akili. Husahau kula, hutembea saa sita mchana, huvuka uwanja wazi ambao Oktoba asingeukanyaga. Anayetafuta pembe, wiki yake ni hiyo. Mimi natafuta nyama, na kwa nyama nitakuambia tofauti: lenga jike, na usijisumbue na Jumamosi ya ufunguzi. Siku hiyo misitu ya umma imejaa magari, na kulungu wamekurupushwa kila upande. Chukua likizo katikati ya wiki inayofuata. Dume mwenye pembe, kwa vyovyote, unaruhusiwa mmoja tu kwa msimu jimbo zima. Majike idadi yake hutegemea kanda. Kaunti zimegawanywa kanda nne. Ya kwanza ndiyo yenye kulungu wengi na ukarimu mwingi, ya nne ndiyo yenye masharti makali. Tazama ramani ya kanda kabla hujaangalia kitu kingine.

Desemba, kuanzia Jumamosi ya pili, gobore hurudi kwa siku tisa. Watu wamechoka, baridi imekaza, chakula kimebaki sehemu chache. Ni wiki ya wavumilivu, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa mtu anayejua shamba moja lenye ngano changa.

3. Wiki hiyo wanakula nini?

Ukishashika wiki, swali la pili ni hilo tu.

Soya huwavuta ikiwa kijani. Ikianza kugeuka njano Septemba, wanaihama ndani ya siku chache, na mwindaji aliyewaona hapo Agosti anabaki kukodolea macho shamba tupu. Wamekwenda wapi? Mialoni.

Jifunze miti miwili. Mwaloni mweupe una majani yenye mikunjo ya mviringo kama vidole, na kokwa zake hukomaa mwaka uleule na kudondoka Septemba na Oktoba. Hazina uchungu mwingi, na kulungu huziacha nyingine zote kwa ajili ya hizo. Mwaloni mwekundu una majani yenye ncha kali, kila ncha na kijiunywele. Kokwa zake huchukua misimu miwili kukomaa, ni chungu zaidi, na kwa sababu hiyo hubaki ardhini hadi baridi kali, wakati kulungu hawana tena la kuchagua. Kwa hiyo Oktoba tafuta mweupe, Desemba tafuta mwekundu. Lakini si kila mwaloni huzaa kila mwaka. Inama chini ya mti uone. Ukikuta kokwa nzima zilizotulia juu ya majani makavu, mti huo hauna wageni. Ukikuta vikombe vitupu, maganda yaliyopasuliwa, majani yaliyopinduliwa upande wa unyevu juu, na kinyesi cha punje nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, umefika. Punje zilizopauka na kukauka ni habari za wiki iliyopita.

Mahindi yakishavunwa, punje zilizomwagika kwenye mabua huwavuta kwa muda. Kisha huja ngano ya msimu wa baridi na klova, ambazo hubaki kijani kila kitu kingine kikiwa kimekufa. Katikati, wiki ya kwanza ya matunda ya persimoni kuanguka, mti mmoja tu unaweza kuwa na kulungu wengi kuliko msitu mzima.

Halafu kumbuka mnyama huyu anacheua. Hula haraka, akashiba, akaenda kujificha palipo salama ili acheue akiwa amelala. Basi kila siku yake ina ncha mbili, chakula na malazi, na njia inayoziunganisha. Malazi ni kichaka kinene: mierezi myekundu iliyobanana, miiba, ile hanisako ya kigeni iliyosambaa pembeni mwa kila shamba la eneo la Lexington. Huwi mwindaji wa shamba wala wa kichaka. Unavizia njia iliyo katikati.

Hilo linaeleza jambo linalowashangaza wageni. Msitu wa Taifa wa Daniel Boone, mashariki, ni mkubwa ajabu, zaidi ya ekari 700,000, lakini kulungu wake wametawanyika. Miti mikubwa imefunika anga, chini hakuna jua, na pasipo jua hakuna cha kutafuna kimo cha mdomo wa kulungu. Ukanda wa mashamba yaliyochanganyika na vipande vya msitu, katikati na kaskazini mwa jimbo, una kulungu wengi zaidi kwa kila kilomita. Wanapenda mpaka, pale kichaka kinapokutana na shamba. Ukilazimika kuingia msitu mkubwa, tafuta mahali palipokatwa miti miaka michache iliyopita au palipoungua.

4. Ardhi na ruhusa

Ardhi ya umma ipo: maeneo ya usimamizi wa wanyamapori kama John A. Kleber, katika vilima vikali vya kaunti za Owen na Franklin, na Land Between the Lakes huko magharibi. Mengi yana kanuni zake juu ya zile za jimbo, na mengine huruhusu bunduki kwa bahati nasibu tu, ambayo maombi yake hufungwa muda mrefu kabla ya Novemba. Soma ukurasa wa eneo lenyewe, usisome wa jimbo ukadhani umemaliza.

Ardhi ya mtu binafsi ni bora, na haiingiliki bila ruhusa. Nenda Agosti, mchana, bila nguo za kijeshi, bila bunduki garini. Nitasema wazi kwa kuwa wote tunalijua: sura ngeni na lafudhi yetu kwenye mlango wa shambani zinaweza kumshtua mtu. Njia nyepesi ni kupitia mtu, yaani mfanyakazi mwenzako kiwandani, muumini wa kanisa la jirani, mzee anayekuuzia mbuzi. Mkulima mmoja karibu na Georgetown aliniuliza swali moja tu: "Unataka pembe au unataka nyama?" Nilipomwambia majike, alinionyesha geti mwenyewe, kwa sababu majike ndiyo yanayommalizia soya na watoto wake wa mjini wanataka madume. Omba ruhusa ya maandishi, uliza pa kuegesha gari, uliza ng'ombe wako wapi, na baada ya msimu mpelekee mguu uliosafishwa. Ruhusa ya mwaka wa pili hutokana na mguu huo.

5. Upepo, halafu mahali pa kukaa

Kulungu huona vibaya rangi ya chungwa na nyekundu, hivyo ile fulana ya chungwa inayopiga kelele haikuharibii kitu. Wakati wowote bunduki zinaporuhusiwa kwa kulungu, Kentucky inakulazimisha kuvaa chungwa hilo kichwani, kifuani na mgongoni, hata kama umeshika upinde. Pua, hata hivyo, haidanganyiki. Sabuni isiyo na harufu na dawa za kupuliza zinasaidia kidogo. Kukaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako kunasaidia kikweli.

Chukua kichupa cha poda ya mtoto, kibinye hewani, tazama inakokwenda. Vilimani kuna jambo la ziada: jua likipanda, hewa hupata joto na kukwea mlima, jioni hupoa na kuteremka bondeni kama maji. Kwa hiyo asubuhi kaa juu ya njia yao, jioni kaa chini yake. Uwe na sehemu mbili, moja kwa kila upepo, na siku ambayo upepo umekataa zote mbili, baki nyumbani. Ukikaa vibaya mara moja hukosi siku hiyo tu, kwani majike hukumbuka.

Tafuta mahali ardhi inapowabana: mgongo wa mlima ulioinama katikati, kivuko cha kijito, ua uliolegea waya ambapo utakuta manywele mepesi yamenasa kwenye miiba yake. Kuanzia mwisho wa Oktoba utaona miti iliyochubuliwa gome kwa pembe, na chini ya tawi linaloning'inia kimo cha kichwa, duara la udongo uliokwanguliwa na kunuka mkojo. Vinakuambia dume yupo. Havikuambii atakuja mchana, kwani mara nyingi huvikagua usiku, kwa hiyo usipige kambi juu yake. Rudi nyuma kuelekea kichakani.

Ukikaa mtini, funga mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapoacha ardhi hadi urudi, na bunduki uipandishe kwa kamba ikiwa tupu. Kuanguka ni miongoni mwa ajali zinazowaumiza wawindaji wengi Marekani. Kiti cha kukunja nyuma ya gogo kinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

6. Siku yenyewe

Saa halali ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Fika gizani, ukae, usichezechezee simu. Wanatembea zaidi alfajiri na magharibi.

Subiri asimame ubavu. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Hapo kuna mapafu na moyo. Usimlenge kichwa, usimlenge anayekutazama uso kwa uso, na kamwe usifyatue bila kujua kilicho nyuma yake. Umbali wako ni ule uliouzoea ukilenga karatasi. Kwa bunduki mita 100 zinamtosha mtu mpya; kwa upinde mita 20. Akikimbia mkia ukiwa juu kama leso nyeupe, huenda umemkosa, lakini nenda ukatazame damu hata hivyo. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu, hayuko mbali. Damu iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo: rudi kimya, ngoja saa kadhaa, la sivyo utamfukuza hadi kaunti nyingine.

Kwa Waislamu, bismillahi ni wakati wa kufyatua, na ukimkuta bado hai unachinja. Kuhusu risasi na mshale wanazuoni hawakubaliani moja kwa moja, hivyo muulize shekhe wako kabla ya msimu.

7. Baada ya hapo, haraka

Kabla hujamsogeza, andika kwenye kumbukumbu yako ya leseni: tarehe, kaunti, jinsia. Kisha toa taarifa kwa Telecheck, mfumo wa jimbo wa kuripoti mawindo, kwa simu au mtandaoni, kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo na kabla hujaanza kumkatakata. Utapewa namba ya uthibitisho. Mzoga ukitoka mkononi mwako, uwe umeupeleka bucha au umempa shemeji, unafungwa kadi yenye namba hiyo, jina lako na simu yako.

Toa matumbo palepale. Pasua ngozi kwa kisu kinachotazama juu, vidole viwili vikiwa chini ya ncha, usitoboe utumbo wala kibofu. Vaa glavu. Kukiwa na joto, jaza mifuko ya barafu kifuani na uondoke. Nyama inataka kushuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mapema iwezekanavyo. Kata kwa upana nyama yote iliyochubuliwa na risasi, kwa sababu vipande vidogo vya risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, husambaa mbali kuliko jicho linavyoona. Wenye watoto wadogo nyumbani watumie risasi za shaba.

Kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu, CWD, uliogunduliwa Kentucky kwa mara ya kwanza Desemba 2023, katika kaunti ya Ballard. Haujathibitishwa kumwambukiza binadamu, lakini ushauri wa mamlaka ya afya ya Marekani ni kupima mnyama aliyetoka eneo lenye ugonjwa na kutomla akikutwa nao. Katika kaunti za uangalizi huruhusiwi kumwaga mahindi ya kuwavutia, na kichwa na uti wa mgongo haviruhusiwi kuvushwa nje ya eneo. Upimaji ni bure. Idara ya wanyamapori ina sehemu za kuacha kichwa. Weka nyama kwenye friza hadi majibu yaje.

Usiuze hata kilo moja. Najua soko lipo, najua watu wangapi watakupigia simu wakisikia kuna nyama ya porini. Kuuza nyama ya kulungu wa porini ni kosa, na ukivusha mpaka wa jimbo nyama iliyopatikana kinyume cha sheria linakuwa kosa la shirikisho. Kugawa ruksa, na ikizidi, kuna mpango wa Kentucky Hunters for the Hungry unaopeleka nyama kwa wenye njaa kupitia mabucha yaliyosajiliwa.

Jikoni, ondoa mafuta yote meupe. Hayayeyuki vizuri, huganda kwenye kaakaa, na ndiyo yanayofanya watu waseme kulungu ananuka. Mnofu wa mgongoni ukate mishkaki, upike dakika chache ukiwa bado mwekundu kidogo ndani. Shingo na mikono ya mbele ni ya sufuria: tangawizi, kitunguu, ndimu, moto mdogo, saa tatu.